Ukisoma Kiingereza cha kale, ogopa neno unalolijua

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kumtafsiria mhubiri mgeni kwenye mkutano wa kanisa. Alikuwa anasoma Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ile ya mwaka 1611, akafika Wathesalonike wa Kwanza 4:15, mahali panaposema "shall not prevent them which are asleep". "Prevent" nalijua tangu shule ya msingi. Nikatamka bila kusita: "Hatutawazuia wao waliolala." Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mstari wa mbele, Biblia yake ya Kiswahili imefunguka magotini, akainua uso na kuniambia taratibu: "Mwanangu, hapa pameandikwa hatutawatangulia."

Mama alikuwa sahihi. Usiku ule sikulala mpaka nilipojua kwa nini. Neno hilo limetoka Kilatini, na maana yake ya asili ni kuja mbele, kutangulia. Wafasiri wa 1611 walilitumia hivyo hivyo. Sasa aliyekutangulia njiani anaweza pia kukuzibia njia, na kidogo kidogo Waingereza wakashika maana hiyo ya pili, ile ya kwanza ikafa. Herufi zimebaki zilezile, kwa hiyo macho hayashtuki.

Tangu siku hiyo nawaambia vijana wanaosoma fasihi ya Kiingereza, na wahubiri wanaopenda Biblia ile ya zamani: neno usilolijua halina hatari kubwa, maana litakupeleka kwenye kamusi lenyewe. La kuogopa ni lile unalolijua, lenye sura ya leo na maana iliyokwisha kuzikwa.

Chukua "corn". Nilipokuwa nafundisha watoto habari za Yusufu kwa kutumia kitini cha Kiingereza, niliwachorea ubaoni ghala za Misri zimejaa mahindi, magunzi na yote. Mahindi ni zao la Amerika. Hayakujulikana ng'ambo hii ya bahari kabla ya safari ya Columbus ya 1492, sembuse zama za Farao. "Corn" kwa Mwingereza ilikuwa nafaka yoyote, hasa ngano au shayiri ya kwao. Biblia ya Kiswahili inasema wazi, Mwanzo 42: Yakobo alisikia kuna nafaka Misri. Ningeifungua hiyo kwanza, wale watoto wasingeondoka na picha ile.

Au "meat". Mambo ya Walawi sura ya 2 katika Biblia ya 1611 inazungumzia "meat offering", na ukitafuta nyama humo huioni: kuna unga, mafuta na ubani. Zamani neno hilo lilimaanisha chakula cha aina yoyote. Kiswahili kimeandika sadaka ya unga.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni "let". Leo ni kuruhusu. Katika Wathesalonike wa Pili 2:7 ni kinyume chake kabisa, kuzuia, na Kiswahili kinasema "azuiaye". Hamlet naye, yule mwana wa mfalme katika tamthilia ya Shakespeare, wenzake wanapomshika asiufuate mzimu wa baba yake, anaapa kumfanya awe mzimu mtu yeyote "that lets me", yaani atakayemzuia. Kumbe yalikuwa maneno mawili tofauti katika Kiingereza cha kale, moja la kuzuia na moja la kuruhusu. Matamshi yakasogeleana mpaka yakawa sauti moja, na lugha haikuweza kubeba neno moja lenye amri mbili zinazopingana. La kuzuia likafa, ila limeacha mifupa yake: pasipoti ya Uingereza huomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kabla ya kuangukia panapotakiwa, hutangazwa "let" na kupigwa upya.

Kwa hiyo nikisoma maandishi ya zamani hufanya hivi. Naangalia kwanza mwaka yalipoandikwa. Sentensi ikinipa maana ya ajabu, kama sadaka ya nyama isiyo na nyama, silazimishi. Nalishuku neno rahisi kuliko yote lililomo. Naweka tafsiri ya Kiswahili pembeni. Biblia tunayo, na kwa Shakespeare tunayo "Mabepari wa Venisi" ya Mwalimu Nyerere, ya 1969. Kisha kamusi, na si ya leo. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 na ya Noah Webster ya 1828 zinasomeka bure kwenye intaneti, na ukilitafuta "prevent" kwa Webster, kutangulia ndiko kunakokuja kwanza. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, huweka alama ya msalaba mdogo mbele ya neno lililokufa.

Neno moja la mwisho, "thou". Wengi wetu hudhani ni la heshima kwa kuwa tunalisikia kwenye sala. La hasha. Lilikuwa la mtu mmoja, tena wa karibu au wa chini: mtoto, mtumishi, rafiki, na Mungu kwa ule ukaribu. Mwanasheria Edward Coke alimtupia mshtakiwa Walter Raleigh neno hilo mahakamani mwaka 1603 makusudi amdhalilishe. Usimwandikie mkubwa wako.

Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu sisi bado tunatenganisha wewe na ninyi. Luka 22:31 na 32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi", kisha anaongeza: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Kiingereza cha 1611 kina "you" na "thee" mahali hapo. Cha leo kina "you" mbili tu, na tofauti haionekani tena.

Niliwasomea wanangu mstari huo, nikawauliza "isitindike" ni nini. Hakuna aliyejua. Nikaliandika kwenye daftari ninamoweka maneno ya namna hii, chini ya "prevent".