Nagawa karata kasino: mshahara wangu una hukumu gani?

SWALI: Assalaamu alaykum, shekhe. Nafanya kazi kasino hapa Malindi, nagawa karata mezani. Mama hataki kuzigusa pesa zangu. Wenzangu wanasema kasino imetuajiri vijana wengi, ikifungwa watu watalala njaa. Je, mshahara wangu ni haramu? Na bahashishi za wachezaji?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Mwanangu, hoja ya wenzako ni kongwe. Kamari ya Waarabu wa Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu, nayo ilikuwa ikilisha watu. Walichinja ngamia, wakavuta mishale kumi kama kura: saba ina mafungu ya nyama, mitatu mitupu. Aliyeangukiwa na mtupu hulipa bei ya ngamia, na aliyeshinda haili ile nyama, huwapa maskini na kujifakhirisha. Mwenyezi Mungu hakuikanusha faida hiyo. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ametaja kuwa ina manufaa kwa watu, kisha akasema madhara yake ni makubwa zaidi. Ikaja Suratul Maida, aya ya 90, ikakata maneno kwa kuiharamisha. Basi ikiwa nyama ya maskini haikuihalalisha kamari, ajira itaihalalishaje?

Na hiyo ajira tuihesabu vizuri. Kasino hailimi wala haivui. Unacholipwa kimetoka mfukoni mwa aliyeliwa. Mama mmoja aliwahi kuniletea ufunguo wa bodaboda nimfichie, maana mumewe alishaiweka rehani mara mbili kwa ajili ya kamari. Pikipiki ile nayo ilikuwa ajira: yake, ya fundi wake, ya muuza mafuta. Hao hawamo katika hesabu ya wenzako.

Hukumu ni hii. Mgawa karata ndiye anayeuendesha mchezo wenyewe, kwa hivyo ujira wake si halali. Mpishi na mlinzi wa humo wanaguswa na "wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (Maida: 2), ijapokuwa si daraja moja nawe.

Sikwambii nyumbani walale na maji matupu. Anza kutafuta leo, na si kwa mdomo. Ukipata cha halali, hata chenye mshahara mdogo, hama. Ulizokwisha kula kabla hujajua, wanazuoni wamezilinganisha na aya ya riba (Baqara: 275): yaliyopita ni yako.

Mama usishindane naye. Kamchotee maji, kamkatie kuni, hayo atayapokea.

Bahashishi nazo ni malipo ya kazi ileile, hukumu yake moja na mshahara. Wallahu a'lam.