Mtoto anasema «sikuli»

SWALI: Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. «Nakula» na «nimekula» anayasema vizuri tu, ila siku hizi nikimwekea ugali anasukuma sahani: «Sikuli!» Nyumbani hakuna anayesema hivyo. Kalitoa wapi, na nimrekebisheje? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Kaliunda mwenyewe, tena kwa kanuni. Ameshajua kwamba kukanusha ni kuweka si- mbele na kugeuza -a ya mwisho kuwa -i: sitaki, sipendi, silali. Hayo ni maendeleo makubwa. Kinachomponza ni kitenzi chenyewe. Mzizi wa kula ni -l- tu, lakini yeye ku- anaisikia kila mara katika anakula, amekula, alikula, atakula, basi kaihesabu kuwa sehemu ya mzizi.

Ku- hiyo imebaki kwa sababu ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na -na-, -me-, -li- na -ta- haziubebi, kwa hiyo ku- huubeba badala yake. Si- inaubeba yenyewe, ndiyo maana tunasema sili. Vivyo hivyo usile, nikila, akala. Kunywa, kuja na kufa ni ndugu zake, kwa hiyo usishangae ukisikia «sikunywi» badala ya sinywi.

Kinachozidi kumchanganya ni sikula, ambalo ni sahihi kabisa. Ku- ya hapo ni nyingine: inakanusha wakati uliopita, kama katika sikulala, sikucheza. Hata «sikuli» lenyewe ni Kiswahili safi, ila ku- yake ina maana ya «wewe»: anasema hakuli wewe, mzazi wake!

Usimwamuru «sema sili». Mrudishie umbo sahihi ndani ya mazungumzo: «Huli? Na dada naye hali?» Au: «Haya, usile sasa, utakula baadaye.» Sentensi hii ya pili ni nzuri zaidi, maana usile na utakula yanasikika yakiwa jirani. Mara moja kwa mlo yatosha. Ukimkatiza kila anapofungua mdomo, ataacha kujibu, awe anatikisa kichwa tu.

Wasikilize pia wanaoshinda naye. «Usikule» ni la kawaida katika mazungumzo ya Kenya bara, hata kwa watu wazima. Kama yaya au jirani analitumia, mtoto anaiga anachosikia, na umri peke yake hautamwachisha.