Barua kwa mwanangu: ketuba, maua baadaye

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama hiyo ketuba uliyoagizwa, hati ya ndoa ya Kiyahudi, uianze kwa maua au kwa maandishi. Anza na maandishi. Herufi moja ikiharibika huenda ukatupa karatasi nzima, na kama umeshapamba, kazi yote imekwenda arijojo.

Maneno ni ya Kiaramu kwa herufi za Kiebrania. Usitie wino mpaka rabi ayapitishe: majina ya maharusi na baba zao, mji, kiasi cha zuzi, sarafu za kale za fedha anazoahidiwa mke (200 kwa mwanamwali, 100 kwa mjane) na tarehe. Uliza na saa ya harusi. Kwao, kama tuhesabuvyo Waswahili, siku huanza magharibi. Ndoa ya Jumapili ikifungwa jua limekuchwa, ni Jumatatu.

Mkono wako umezoea khati ya Kiarabu, herufi zikikaa juu ya mstari. Za Kiebrania huning'inia chini yake. Tumia ncha bapa ya milimita 1.5, kimo milimita 5, na toka mstari hadi mstari 12, kwani herufi ya lamedi hupanda na ya kufi hushuka, ukibana zitagongana. Viboko vya kulala vinene, vya kusimama vyembamba. Daleti ina kisigino kwenye kona ya kulia, reshi imeviringika. Kisigino kikipotea, umembadilisha mtu jina.

Kila mstari ufike ukingoni, maana pengo ni nafasi ya mtu kuchomeka neno. Usikate neno, vuta daleti, reshi, he au tavu, ukiwa umepanga kwa penseli. Sahihi za mashahidi wawili zifuate papo hapo chini, pasiwe na ua katikati, wala rangi isiguse hapo: kalamu yao haitashika.

Uliza pia kuhusu neno vekanina, linalothibitisha kuwa bwana arusi amejifunga. Wengi huacha kufi yake bila mguu, ukamaliziwa siku ya harusi, akishapokea kitambaa, ishara ya kujifunga kwake, mbele ya mashahidi. Usije ukadhani umesahau ukaujaza.

Wino ukikauka, dhahabu hutangulia rangi, kwa sababu jani lake hunasa kwenye rangi yenye gundi. Pumulia jeso, ule utando wa plasta na gundi unaopakwa chini ya dhahabu, ilainike, bandika upesi. Sasa ndipo maua. Tazama ketuba za Italia za karne ya 17 na 18, za Venice, Roma na Ancona: pindo zimejaa ndege na buruji 12 za nyota, na maandishi yametulia katikati.

Nitumie picha ya penseli kabla hujatia wino, niiangalie hiyo kufi.

Mamako