Injini imekula kilomita nyingi, tuifungue au tuitoe?

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu ni la petroli, silinda nne, odomita inasoma 312,000. Siku hizi linakula oili, kila nikitembea kama kilomita 1,500 naongeza lita nzima, na asubuhi nikiwasha linatoa moshi wa bluu alafu baada ya dakika moja unaisha. Nguvu lina, na halichemshi. Fundi wa kwanza kasema injini imechoka tupige oveholi, yaani ifunguliwe yote ikarabatiwe, wa pili kacheka kasema oveholi ni kuchoma hela, nitafute injini iliyotumika nifunge. Mume wangu yeye anasema tuliuze na moshi wake. Nimsikilize nani?
Mama Moshi

JIBU: Marahaba mama. Kwa sasa usimsikilize yeyote, na huyo mzee mwambie atulie kidogo. Mafundi wako wote wawili wamekuandikia dawa na homa hawajapima, maana barua yako nimeisoma mara mbili sijaona mahali mtu kachomoa plagi akapima kompresheni, yaani silinda inabana hewa kwa presha gani. Wameona 312,000 wakashtuka. Hiyo namba inakwambia gari limetembea, haikwambii silinda zikoje, kuna injini imefika hapo inadunda vizuri tu na kuna nyingine imekufa haijafika nusu yake kwa sababu mwenyewe alikuwa anamwaga oili akikumbuka.

Sasa huo moshi wako una tabia, uangalie. Unatoka asubuhi tu, dakika moja, basi. Ringi, zile pete za pistoni, zikiisha haziwi na adabu hivyo, gari linafuka ukikanyaga mafuta, linafuka ukipanda mlima, linafuka mchana kutwa. Mi hapo nashuku vali sili, yaani vile vikofia vya mpira vinavyokaa kwenye shina la valvu kuzuia oili isishuke. Vikipigwa na joto miaka yote hiyo vinakakamaa kama ndala iliyosahaulika juani, gari likilala usiku oili inatambaa inadondokea ndani ya silinda, asubuhi unawasha inaungua yote kwa mpigo. Ukitaka kuhakikisha tafuta mteremko mrefu, shuka gia ikiwa ndani na mguu umeutoa kabisa, ukifika chini kanyaga, na mtu wa gari la nyuma akuangalizie. Likitema wingu la bluu hapo ndo ushahidi unazidi kwamba shida iko juu kwenye valvu.

Na vali sili kwa injini nyingi zinabadilishwa bila hata kushusha hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda! Fundi mjanja anasukumia kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi, anazungusha krenki, ule mhimili wa chini unaopandisha pistoni, kwa mkono mpaka pistoni ipande iibane ile kamba juu, valvu zinashikiliwa zisidondokee ndani, anafungua springi anachomoa sili kuukuu anapachika mpya, alafu anaivuta kamba anahamia silinda inayofuata. Wengine wanatumia upepo wa kompresa badala ya kamba, sawa tu. Kabla ya hapo lakini akague kale kavalvu kadogo kanakonyonya mvuke wa ndani ya injini, kakiziba oili inasukumwa kusikotakiwa na utaambiwa injini imekufa. Kwenye magari mengi unakachomoa unakatikisa, kakilia ka-ka-ka bado kazima, kakinyamaza tupa weka kapya.

Kompresheni nayo mpimwe vizuri. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, betri imejaa, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, akseleta imekanyagwa mpaka chini. Andika namba za silinda zote nne ulinganishe zenyewe kwa zenyewe, ukiona tofauti ya zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 hapo pana neno. Tuseme kwa psi umepata 170, 165, 168 na moja imekupa 120. Mwagia hiyo ya 120 kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena, ikipanda hadi 150 na kitu basi ringi au ukuta wa silinda umelika maana oili imeziba mwanya kwa muda, ikibaki pale pale tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Mi mwenyewe niliwahi kuwa na kiherehere nikafungua injini ya gari langu kwa sababu ya moshi tu bila kupima, nikakuta ukutani mwa silinda ile mistari ya kiwandani iliyopishana bado inaonekana kama jana, yaani silinda haijalika. Nikafunga kimya kimya, sikumwambia mtu.

Kama namba zako ziko juu na hazipishani sana, badilisha sili uendelee na maisha. Lita moja kwa kilomita 1,500 inakera lakini haiui, kuna watengenezaji wanaokubali mpaka lita kwa kilomita 1,000. Ila dipstiki uwe unaichomoa kila wiki, gari linalokula oili linakufa siku mwenyewe aliposahau kuongeza, na oili inayoungua inaharibu katalisti polepole.

Namba za kompresheni zikiwa chini zote, presha ya oili nayo imeshuka, na kuna mlio mzito wa kugonga unatoka chini ukikanyaga, hapo sasa ndo mabishano ya mafundi wako yanaanza kuwa na maana. Oveholi ni nzuri kama ni ya kupima, silinda zichongwe ziwekewe pistoni kubwa kidogo, krenki isuguliwe ipate beringi za saizi yake. Oveholi ya kupachika ringi mpya tu hiyo mi siitaki hata kuisikia, silinda ikilika inakuwa yai na ringi ni duara, utafurahi miezi michache moshi unarudi. Injini iliyotumika inafungwa haraka lakini unanunua kilomita za mtu usiyemjua, kwa hiyo usiinunue ikiwa imelala pale chini imefutwa mafuta inang'aa. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna tope jeusi, chomoa plagi, lete betri na stata muipime kompresheni hapo hapo sakafuni, muuzaji akikataa we ondoka. Na hesabu yako ulinganishe na bei ya gari likiwa zima, usilinganishe na bei utakayopewa likiwa linafuka, alafu ujiulize gia boksi ikoje na chini kuna kutu kiasi gani. Bodi ikiwa imeoza hata injini mpya ya kiwandani ni kumvalisha maiti suti.

SWALI: Fundi, dizeli yangu ina kilomita 400,000, ilichemsha maji yakachanganyika na oili, tukabadilisha gasketi ya hedi, wiki mbili tu imerudia. Ndo nitupe injini?
Dereva wa Usiku

JIBU: Kaka, hedi ilipelekwa kupimwa au ilifutwa na kitambaa ikarudishwa? Najua jibu. Hedi ikichemka inapinda, inawekewa rula ya chuma juu na mwanya unapimwa kwa vile vibati vyembamba vya kupimia, injini nyingi zinavumilia kama milimita 0.05 hivi, ikizidi inachongwa, na ipimwe nyufa kwa presha maana ufa mwingine huuoni kwa macho. Ikiwa na ufa badilisha hedi peke yake, bloku la dizeli ya kilomita hizo linaweza kuwa bado zima. Lakini tangu oili igeuke rangi ya chai ya maziwa uliendelea kulitembeza? Kama ndiyo shusha sampo, lile bakuli la oili chini, ukague beringi, maji yanazila haraka sana, zikikutwa zimekwisha na krenki imechubuka hapo ndo uanze kuulizia injini nzima. Na kilichochemsha mara ya kwanza mmekitafuta? Rejeta, themostati, feni, msipokipata hata injini ya tatu itachemka.

SWALI: Nimeamua kufunga injini nyingine, nibadilishe na nini kwa mkupuo mmoja?
Msomaji

JIBU: Klachi, sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, themostati, belti na mauntini (zile mpira zinazoishikilia injini) zilizochanika, maana vyote hivyo sa hivi viko wazi mkono unafika na baadaye utalipia kushusha injini upya. Kama ile ya zamani ilikufa kwa beringi, kipoza oili na mabomba yake yasafishwe au yabadilishwe kabisa, vumbi la chuma linajificha humo linasubiri injini mpya. Na namba ya injini irekebishwe kwenye karatasi za gari kabla hujaliingiza barabarani.