Mtoto anakosea hesabu jioni, ni uvivu au ni moshi?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Igombe hapa Mwanza, nabanika sangara nyuma ya nyumba, upande wa ziwani. Mwanangu wa darasa la sita jioni anafanya kazi za shule karibu na mimi, anakosea hesabu ambazo asubuhi anazipata vizuri tu, halafu kichwa kinamuuma. Baba yake anasema ni uvivu. Kwani moshi unaweza kugusa akili?

JIBU: Marahaba mama. Unaweza kabisa, na naomba huyo mtoto msimuite mvivu. Kuni zikiungua kwa kufukafuka zinatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, sasa damu inafika kwenye ubongo ikiwa na hewa pungufu, ndo hapo kichwa kinagonga, macho yanaliona swali ila akili haishiki. Akikaa kwenye hewa safi gesi inapungua nusu kila baada ya saa 4 au 5 hivi, ndo maana asubuhi yuko sawa.

Halafu angalia bati la juu ya tanuri lako, ile lami nyeusi inayodondoka. Hiyo angalau unaiona. Kuna vumbi laini sana linaitwa PM2.5, unywele mmoja unalizidi unene kama mara 30, lenyewe linapita mapafu mpaka kwenye damu. China walipima maelfu ya watu kwa maswali ya maneno na hesabu, matokeo yakatoka 2018: waliovuta hewa chafu muda mrefu walifanya vibaya zaidi, hasa wazee. Kwa hiyo na wewe mama unayeinama hapo kila siku usijisahau.

Sasa kwako tatizo kubwa ni upepo. Mchana mpaka jioni unatoka ziwani kuja nchi kavu, moshi wote unaingia ndani, usiku ndo unageuka kwenda ziwani. Hamishia tanuri ubavuni mwa nyumba, tumia kuni kavu kabisa, na mtoto akasomee kwa jirani asiyebanika au alfajiri kabla hujawasha. Hilo la kusoma kwingine lianze leo, halina gharama.

Ila akitapika, akichanganyikiwa au akianza kusinzia ovyo, mtoe nje hapo hapo umkimbize hospitali, usimpe panadol ukamlaza.