Dell OptiPlex ya zamani inachelewa kuwaka: ninunue SSD gani?

Swali: Nina stesheneri hapa Morogoro. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8 na hadidiski ya GB 500. Nikiiwasha asubuhi nachemsha chai, nakunywa, ndipo inakuwa tayari. Mteja akileta flashi nimprintie CV, faili linafunguka kwa kusuasua mpaka wengine wanaondoka. Fundi mmoja ameniambia niweke SSD ya NVMe kwa kutumia kadi, kwa kuwa ndiyo yenye kasi kuliko zote. Mwingine anasema niongeze RAM tu. Nimsikilize nani? – Dada wa stesheneri

Jibu: Pole na usumbufu, dada yangu. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, iangalie kompyuta yenyewe. Kesho asubuhi ikifungua skrini ya kwanza (desktop), wakati bado inahangaika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakuonyesha prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski zinavyotumika, kwa asilimia. Diski ikiwa imeng'ang'ania 100 huku kumbukumbu iko 50 au 60, RAM unayo ya kutosha. Ukiongeza nyingine utakuwa umenunua ndoo kubwa wakati bomba ndilo linalotoa matone. Kwa kazi ulizozitaja, nina hakika hicho ndicho utakachokiona.

Hadidiski ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna kichwa kinachosomea. Ile ya kasi ya kawaida kwenye kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila faili linapoitwa, kichwa husogea kulifuata, halafu husubiri sahani izunguke mpaka sehemu husika ifike chini yake. Kusubiri huko peke yake ni wastani wa milisekunde 4. Ni kidogo, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kinadai safari yake. Chai yako inaishia humo. SSD ni diski inayohifadhi kwenye chipu na haina kinachozunguka, hivyo kila kipande hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

Ndiyo maana nakushauri ununue SSD ya kawaida ya SATA, ile bapa ya inchi 2.5 inayotumia kebo kama za hadidiski yako, na uachane na NVMe, aina ya SSD yenye njia ya kasi zaidi. Ni kweli NVMe ina kasi: nyingi hufika MB 3,000 kwa sekunde na zaidi, wakati SATA huishia kama 550. Lakini 7010 ni mashine ya mwaka 2012. Madabodi yake haina tundu la M.2, ambamo SSD za NVMe huchomekwa, na BIOS yake (programu ndogo inayoianzisha kompyuta) haijui kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe. Ukiiweka kwa kadi utaweza kuhifadhia mafaili, ila kompyuta haitawakia humo bila ujanja ambao siutaki kwenye mashine inayokulisha. Na kwa kufungua CV na kuprinti, tofauti ya hizo mbili hutaiona kwa macho. Anayetoka kwenye hadidiski kwenda SATA ndiye anayeshangaa.

Ukubwa wa GB 240 unakutosha kwa Windows na programu. Jihadhari na bei za miujiza: SSD iliyoandikwa GB 2,000 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni ya kughushi. Ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiwekea chochote. Inaijaza na kuisoma tena, uongo unaonekana.

Sasa sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Kabla hujagusa bisibisi, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Niliwahi kuletewa hadidiski iliyokuwa ikigonga taratibu, tik, tik, nami nikaanza moja kwa moja kuhamisha diski nzima kwenda kwenye SSD. Ilikufa katikati ya kazi, pamoja na picha za harusi za mwenyewe. Tangu siku hiyo naanza na mafaili yasiyo na nakala kwingine. Windows inapatikana tena wakati wowote.

Kwako nisingehamisha diski nzima, ningesimika Windows upya. Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida hukataa kunakili kwenda kwenye diski ndogo kuliko ya mwanzo, na hata SSD ya GB 480 ni ndogo kuliko hadidiski yako ya 500. Isitoshe, mashine iliyopita mikono kadhaa hubeba takataka nyingi. Leseni usiihofie: kama Windows 10 yako ilikuwa imeamilishwa kihalali, inatambua madabodi, hivyo ikipata intaneti itajiamilisha.

Kazi ya kufunga ni fupi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, fungua kasha. Hadidiski imekaa kwenye kibebeo cha plastiki cha bluu. Itoe, kisha chomeka SSD kwa kebo zile zile. Ncha zake zina umbo la L, zikigoma usilazimishe, zigeuze. Kwa kuwa SSD ni ndogo, nunua fremu ya kuishikilia, bei yake ni ndogo. Washa, bonyeza F2 uingie BIOS, na uweke mpangilio wa diski (namna kompyuta inavyowasiliana nayo) kuwa AHCI kabla ya kusimika Windows. Ukiubadilisha baadaye, Windows inaweza kugoma kuwaka. Kisha chomeka flashi yenye Windows, zima, washa tena na bonyeza F12 uichague.

Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hiyo usimwage fedha nyingi kwenye mashine hii. SSD ya SATA haitapotea, utaihamishia kwenye kompyuta utakayonunua baadaye.

Na tafuta UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika ghafla SSD nayo inaweza kuumia, na faili ulilolifuta kwenye SSD ni nadra sana kurudishwa, hata na fundi mzuri. Hadidiski ya zamani iweke kabatini mwezi mzima bila kuifuta, mpaka uwe umefungua kila folda ya wateja kwenye diski mpya na kuona hakuna kilichosahaulika.