Jibu: Likeni za pini msituni Uswidi, nitafute wapi?

Salamu mkuu. Umesema umepekua magome yenye unyevu huko Uswidi na likeni za pini (kuvu waishio na mwani, wenye vijiti vidogo vyenye vichwa kama pini) hujaziona. Achana na upande unaolowa mvua. Anza na mialoni mizee, ndani ya mifereji ya gome palipo pakavu, kisha piga magoti uchungulie chini ya mizizi ya mti ulioanguka. Hapo Chaenotheca furfuracea, aina mojawapo ya likeni hizo, hutandaza unga wa kijani-njano, vijiti vimechomoza juu yake. Aina nyingine, Calicium viride, ina vijiti vyeusi, na vichwa vyake ni vya kahawia kwa chini. Urefu ni milimita chache tu, kwa hiyo beba kioo cha kukuzia na umulike tochi kwa pembeni. Gusa kichwa: kikiacha unga kidoleni, ndizo spora, chembe za kuzaliana za kuvu. Jamaa wengine wa Chaenotheca wanataka hadubini ili kuwatambua. Kwa picha ya simu mimi sibahatishi aina.